Stesheni Hufunguliwa Mara Moja

Jumatatu, 3 Juni 2002

Nimeamka saa kumi na mbili kamili. Saa yangu imesema. Nimeijaza ufunguo, mizunguko ishirini, nikairudisha mfukoni. Saa hii nilipewa na reli kwa ushujaa. Hapa mtaani Utemini hakuna mzee mwingine mwenye saa ya namna hii. Simwulizi mtu saa. Watu huniuliza mimi.

Uji wa mtama. Upepo mkali. Bati la jirani limelia asubuhi nzima kama lina kesi.

Hadija kaniamkia shikamoo macho yakiwa kwenye kompyuta. Nimeitika marahaba macho yakiwa ukutani. Tumelingana.

Ana miaka ishirini na nane. Hana mume, ana kompyuta. Watu wanasema. Waseme. Mama yake angekuwa hai angewajibu vizuri kuliko mimi.

Naandika katika kitabu cha stesheni. Kilibaki kitupu nikastaafu nacho. Kina safu ya namba ya treni, safu ya kufika, safu ya kuondoka. Mimi si treni lakini nafuata mistari. Kusoma nilisoma kisomo cha watu wazima, nimeshaoa. Nikawa wa kwanza darasani. Pale stesheni yetu ndogo mashariki ya Itigi, Bwana Stesheni akiugua, karatasi zote za kuruhusu madereva kuondoka niliandika mimi. Zote. Mwenzangu Yona aliandika namba tu, kubwa kama mayai ya kanga.

Sasa kazi ya Hadija, niiandike nisisahau. Bwana Hasmukh ana duka hapa mjini na ghala la asali Itigi. Asali inakwenda Dar kwa behewa. Mnunuzi wa Dar hataki tena barua. Anataka habari za kila pipa zimfikie kwa mtandao kabla behewa halijaondoka. Maji ndani ya asali kiasi gani, rangi gani, imerinwa wapi. Habari zisipofika, pipa halipandi. Hadija anaandika programu ya kuzipeleka. Jaribio ni Jumatatu ya tarehe 17, mnunuzi akiangalia kule kwake. Ikishindikana, Bwana Hasmukh anachukua mtaalamu wa Dar. Na Hadija hana kazi nyingine ya kompyuta katika Singida hii. Atakwenda Dar.

Mimi Dar siendi. Nitabaki na bati la jirani.

Jumanne, 4 Juni

Nimemuuliza kama yote anaandika mwenyewe. Kasema hapana. Kazi ya kubeba habari mpaka Dar imeandikwa na watu wa mbali, wameiweka bure, kila mtu achukue. Inaitwa maktaba. Nikasema bure ilikwisha soko huria lilipoingia. Kacheka. Kasema hii ipo, baba.

Maktaba yenyewe haina vitabu. Ni kazi zilizo tayari. Programu yake inaziita kwa majina na zinakuja. Lakini huwezi kuziita hivi hivi tu. Kwanza unaiamsha maktaba. Mstari mmoja. Inapanga vitu vyake, ndipo inaanza kubeba. Ukimaliza yote unailaza. Mstari mwingine.

Nimeelewa mara moja. Treni huipokei kabla hujafungua stesheni. Sikumwambia. Nilitaka aone mwenyewe usoni kwangu kwamba nimeelewa. Hakuangalia uso.

Alhamisi, 6 Juni

Siku kubwa.

Programu imeandikwa kwa lugha inaitwa C. Herufi moja. Nikasema hiyo hata mimi naijua. Hadija kanionyesha ukurasa mmoja. Nimekwenda kuchemsha chai.

Saa nne asubuhi kajaribu. Kisanduku kinachounganisha kompyuta na simu kimelia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni, kikatulia. Kabonyeza. Habari za pipa moja zimekwenda Dar. Nimetazama saa. Nusu dakika haikufika. Siku zangu, barua ya Dar ilikuwa siku tatu, na mvua ikinyesha ni wiki.

Nimesimama mlangoni nikamwambia kila aliyepita. Fundi cherehani wa mkabala kauliza asali yenyewe imepita wapi. Nikamwambia wewe shona.

Huyu ni mwanangu. Hakuna aliyemfundisha haya hapa Singida. Alikwenda chuo akarudi na vitabu vitatu, mengine katoa kichwani. Kichwa hicho hakikutoka hewani. Baba yake ni mimi.

Mchana mambo yakabadilika. Pipa moja moja ni polepole, na laini ya simu hukatika. Kwa hiyo Hadija kagawa kazi. Mapipa manne yanakwenda kwa pamoja, kila pipa na mbebaji wake ndani ya programu. Yeye anawaita nyuzi. Mimi nimewaita wapagazi, na yeye sasa anasema wapagazi.

Wapagazi wanne wameondoka pamoja. Programu imekufa. Maneno mawili ya Kizungu kwenye kioo, halafu kimya. Kajaribu tena. Imefika. Kajaribu tena. Imekufa.

Kitu kinachokufa kila siku unakijua. Hiki kinachokufa leo na kesho kinapona ndicho kibaya.

Ijumaa, 7 Juni

Imekufa mara tano, imepona mara tatu. Nimehesabu mimi.

Hadija kaniuliza kwa adabu kama niliinua mkono wa simu wakati inatuma. Nikasema mimi nimeshika simu za reli miaka ishirini na sita.

Kasema hilo silo nililouliza, baba.

Niliinua. Mara moja tu. Nilitaka kusikia habari zikipita. Zinapita kama mvua juu ya bati. Nimekubali hiyo moja, zile nyingine nne nimekataa. Hakuamini. Simu imehamishiwa chumbani kwake, mlango umefungwa.

Nimeonewa.

Jumapili, 9 Juni

Nimekaa nje mbele ya fundi cherehani tangu saa tatu hadi saa sita, mikono yangu ikionekana. Nimemwambia awe shahidi. Ndani programu imekufa mara nne. Sikuwa na simu, sikuwa na waya, sikuwa na chochote.

Nimeingia nikasema haya sasa, mshtakiwa wako yuko wapi. Hadija kasema samahani baba. Nimefurahi sana. Halafu nikaona macho yake, furaha ikaondoka. Si kosa langu, maana yake ni kosa lake. Heri nisingefurahi.

Jumatatu, 10 Juni

Bwana Hasmukh kaja. Mtu mwema, babu yake alifungua duka hapa watu wakivaa kaniki. Kakaa dakika kumi, hakunywa chai.

"Mzee Njiku, binti yako kichwa. Mimi najua. Lakini asali haingoji kichwa, inangoja behewa."

Nikamwambia nayo asali yako ilingoja nyuki.

Kacheka mpaka akafuta macho. Lakini Jumatatu ni Jumatatu, kasema. Kaondoka.

Jumatano, 12 Juni

Hadija kachapisha programu yote kwenye karatasi. Katandika mkeka, kazipanga karatasi, katambaa juu yake na penseli. Anafuata mstari kwa mstari kwa kidole. Kila mstari anauuliza: wewe nani kakuita, na aliyekuita alikuwa wapi. Tangu asubuhi mpaka alasiri. Sijaona mtu mvumilivu namna hii. Mimi mke wangu aliniita Bwana Haraka.

Nikaona nimchangamshe. Nikamsimulia ile habari ya treni mbili. Anaijua tangu mtoto lakini ni nzuri kila siku.

Ni mwaka aliozaliwa yeye. Bwana Stesheni amelazwa hospitali. Tumebaki wawili, mimi na Yona, Mnyiramba wa Kinyangiri, mtani wangu. Treni ya mizigo inakuja kwetu kutoka Itigi. Reli ni moja. Mimi niko mbali pale kwenye pointi, reli zinapogawanyika, naisubiri. Treni ya abiria imesimama stesheni. Yona yuko ofisini. Yona, na akili za kwao, anampa dereva wa abiria karatasi ya kusema njia iko wazi. Abiria inaondoka kukutana na mizigo uso kwa uso. Mimi naiona inakuja. Nasimama katikati ya reli na bendera nyekundu. Sitoki. Dereva anapiga honi, sitoki. Anasimama karibu nami, nasikia joto la injini kifuani. Nageuka, nakimbilia ya mizigo, nayo naisimamisha. Watu wote wanapona. Napewa saa.

Nikaitoa saa nikamwonyesha, kama kawaida.

Hadija penseli bado mkononi. Hakucheka, hakusema hongera. Kafikiri. Halafu kauliza.

"Baba, si umesema siku zote Bwana Stesheni akiugua, karatasi zote ulikuwa ukiandika wewe?"

Nikasema ndiyo, zote.

"Basi ile ya siku hiyo aliandika nani?"

Nimeondoka kwenye mkeka.

Alhamisi, 13 Juni

Sikula. Ugali na mlenda ulikuwa mezani, mlenda ninaoupenda. Sikula.

Mtoto hamhoji baba yake. Mimi sikumhoji wangu. Alisema aliua simba mmoja, nikasema sawa, alikuwa simba.

Nimeshinda kwa fundi cherehani. Kaniuliza nina nini. Nikasema meno.

Saa nimeijaza mizunguko kumi na tisa. Mkono ulichoka.

Ijumaa, 14 Juni

Nimetoka msikitini. Begi la Hadija limeshushwa kutoka juu ya kabati. Liko kitandani wazi, limepanguswa vumbi. Kamwandikia rafiki yake wa Dar kuuliza nafasi ya kulala.

Kumbe anajua ameshindwa. Hajaniambia kwa sababu mimi nimenuna.

Programu bado inakufa. Zimebaki siku tatu.

Jumamosi, 15 Juni

Leo naandika pole pole.

Asubuhi nimekaa kwenye mkeka wake, katikati ya karatasi. Nimemwambia sikiliza, usinikatishe, nikikatishwa sirudi tena.

Nimemwambia hivi.

Siku ile nilichelewa kazini. Mama yako alikuwa na mimba yako, alitapika, nikachelewa. Yona akafungua stesheni peke yake. Kufungua stesheni ni kazi ya mara moja, asubuhi, kabla ya treni ya kwanza. Unapiga simu stesheni za pande mbili. Unajaribu kengele. Unafungua ukurasa mpya, unaandika tarehe juu. Baada ya hapo ukurasa ule ndio stesheni. Treni ikiwa njiani imo humo. Isipokuwamo haipo duniani.

Yona alifanya yote, vizuri. Akapokea mizigo ya Itigi, akaiandika kwa yale mayai yake, akaenda pointi kuisubiri. Akachukua bendera.

Mimi nikaingia. Nikaona ukurasa una mayai juu. Mimi nina cheti cha kisomo. Nikasema wakubwa wakija wataona mayai haya, watasema ndio uandishi wa stesheni yetu. Nikapiga mstari chini ya ukurasa wa Yona, nikaufunga. Nikafungua wa kwangu. Nikafungua stesheni upya, mara ya pili. Tarehe nikaiandika vizuri, kwa mkia. Chini yake hapakuwa na treni hata moja. Abiria ilipofika nikatazama ukurasa wangu, mtupu, nikampa dereva karatasi. Sikupiga simu Itigi. Nilikuwa napuliza wino ukauke.

Aliyesimama katikati ya reli ni Yona.

Wakubwa walipokuja nilisema mimi kwanza. Nina sauti. Yona kaangalia chini, hakusema kitu. Mimi nikapewa saa. Yeye akapelekwa kwenye genge la kupanga kokoto, na mwaka uliofuata akaacha kazi akarudi kwao.

Nilingoja alie, au anitukane. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

Hadija kasema, "Ulimfungia ukurasa treni yake ikiwa njiani?"

Nikasema ndiyo.

Kasema, "Kwa sababu kila mmoja alifungua stesheni yake."

Kanyanyuka. Kachukua karatasi tatu na penseli akaenda kwenye kompyuta. Kaniacha mkekani. Mimi ambaye nimelibeba jambo hili miaka ishirini na nane. Nimechukia kidogo, lazima niandike ukweli maadamu leo ni siku yake.

Halafu kaniita, kanionyesha. Alikuwa amemwambia kila mpagazi: ukianza, iamshe maktaba, ukimaliza, ilaze. Aliona ni adabu nzuri, kila mtu afungue na afunge mwenyewe. Lakini maktaba ni moja. Mpagazi wa pipa jepesi anawahi kumaliza, anailaza, na wenzake watatu bado wako njiani na mizigo kichwani. Wanafika, vitu vimeshaondolewa. Wanaanguka. Siku wote wakimaliza sawasawa, hakuna anayeanguka. Ndiyo maana ilikuwa inapona.

Kasema maelezo ya maktaba yanasema iamshwe mara moja, kabla ya wapagazi kuitwa. Aliyasoma. Aliona mara nyingi ni sawa na mara moja, ziada haidhuru.

Kautoa mstari wa kuamsha kwa wapagazi, kauweka juu kabisa, mwanzo wa programu. Wa kulaza kauweka chini kabisa, baada ya mpagazi wa mwisho kurudi. Mistari miwili imehama. Hakuandika neno jipya.

Mapipa manne. Yamefika. Tena manne. Manane. Kumi na mawili. Saa moja nzima hajaanguka mpagazi.

Ndipo karudi mkekani, kakaa. Kasema, "Sasa baba, niambie Yona ni mtu wa namna gani."

Jumapili, 16 Juni

Nimekula. Mlenda, ugali, na kipande cha kuku.

Hadija ni yule yule. Shikamoo ile ile. Nilidhani itapungua. Nimeisikiliza vizuri, haikupungua.

Lakini habari ya treni mbili siwezi kuisimulia tena. Fundi cherehani kaniomba leo, ana mgeni. Nimesema koo.

Begi bado kitandani. Limefungwa zipu lakini halijarudi kabatini.

Jumatatu, 17 Juni

Nimevaa koti la reli.

Saa mbili karani wa ghala la Itigi kamsomea Hadija kwa simu habari za mapipa. Thelathini na sita. Hadija anaandika huku amebana simu kwa bega. Bwana Hasmukh kaja na sambusa, hakula hata moja. Fundi cherehani kaja bila kuitwa. Nimewapanga wote ukutani. Nikasema hapa mtu asiguse waya, asikohoe.

Saa tatu na dakika tano. Kisanduku kimelia. Hadija kabonyeza.

Kwenye kioo inaandika kila mpagazi anapofika. Wanne. Wanane. Kumi na wawili. Mpagazi wa pipa la kumi na tisa akakawia. Nikaona mkono wa Hadija umekamata ukingo wa meza. Laini ilikuwa nzito upande wa Dodoma, kasema baadaye. Wenzake wamepita, yeye bado. Zamani hapo wangemlazia maktaba. Safari hii imemngoja. Kafika. Wakaendelea. Wa mwisho kafika, ndipo ukaja mstari wa kulaza, mmoja tu, chini, programu ikafunga yenyewe kwa amani.

Dakika saba kwa saa yangu.

Dar wamejibu. Zote thelathini na sita, hakuna iliyopungua. Behewa lipandishwe.

Bwana Hasmukh kanipa mkono mimi kwanza, halafu akakumbuka nani kafanya kazi, akageuka. Kasema, "Mama Hadija, wewe mashine mbili." Hajawahi kumwita mama. Kala sambusa nne.

Mimi nimeangalia watu wakimwangalia mwanangu. Nimeona vingi. Nimeona garimoshi likipanda mlima limejaa, nimeona mhandisi wa Kizungu akinyoosha daraja. Hawa hawajafika pale alipofika huyu, na alikuwa amevaa kanga ya nyumbani.

Walipoondoka kanionyesha kitu. Ndani ya programu unaweza kuandika maneno ambayo mashine haisomi. Yamewekewa alama mwanzo na mwisho, mashine inayaruka. Ni ya watu tu, watakaokuja kufungua kazi hii baadaye. Juu ya mstari wa kuamsha aliandika:

*Stesheni hufunguliwa mara moja, kabla ya treni ya kwanza. Kanifundisha baba.*

Nimeisoma mwenyewe. Neno kwa neno, bila kusaidiwa. Jina langu halimo lakini baba ni mimi.

Neno hilo ni zuri sana. Zuri kuliko saa.

Nikamwambia futa hilo neno baba. Andika Yona wa Kinyangiri.

Kaniangalia. Kafuta, kaandika.

Begi limerudi juu ya kabati. Nimelipandisha mimi, kwa kiti.

Alhamisi, 20 Juni

Nimekwenda Kinyangiri. Hadija alitaka kuja. Nimesema hapana, hili halina maktaba.

Nyumba ya Yona nimeonyeshwa na mama mmoja anayeanika mtama. Nimemkuta anatengeneza mlango wa zizi. Mvi tupu. Jicho moja limeingia ukungu. Amekuwa mfupi. Mimi sijafupika hivyo.

Kanitazama kwa lile jicho zima.

"Mnyaturu! Nilidhani mmekwisha wote."

Nikasema tumebaki wa kuwazika Wanyiramba.

"Basi umekuja kuzika. Umechelewa, kama desturi yako."

Kanipa kigoda. Mkewe kaleta maziwa mgando. Yona aliweka utani mbele mpaka nikamaliza kibuyu. Utani ndivyo ulivyo kwetu, mtani anaweza kukuambia mwizi mbele ya watu na ukacheka. Sikucheka. Nikamwambia nimekuja kwa ile siku.

Kachonga kijiti.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Alikuwa na mdomo. Alikuwa na dereva wa abiria, angetoa ushahidi.

Kasema, "Ningesema nilisimama na bendera, wangeuliza nani alitoa karatasi. Wangekufukuza. Mkeo alikuwa na mimba. Mimi nilikuwa sina mke, kokoto haikuniua. Nikasema huyu ni mtani, nitamdai siku moja. Utani ukawa mrefu."

Nikamwambia mimba ile ndiyo Hadija. Nikamweleza kompyuta, wapagazi, mapipa thelathini na sita. Nikamwambia jina lake limo ndani, mahali mashine haisomi, watu wanasoma. Kaniuliza mara mbili kama ni kweli ni Yona, au ni Yona mwingine. Nikasema wa Kinyangiri.

Katabasamu. Meno yamebaki machache. Kasema, "Na mayai yangu yamo?"

Nikamwambia mayai yalikuwa sawa. Wino wangu ndio uliokuwa na kosa.

Nikatoa saa. Nikaiweka kwenye kiganja chake. Hakuikataa, hakunishukuru. Kaiweka sikioni.

"Inachelewa?"

"Dakika nne kwa siku."

"Imekaa sana na wewe."

Wajukuu wake walirudi na ndama. Akawaita. Kasema huyu ni Mnyaturu, ana hadithi ya treni mbili, anaisimulia vizuri kuliko mimi. Nikasimama nikaisimulia. Ofisini mimi, relini yeye. Mara ya kwanza maishani. Ilikuwa ngumu pale pa kupuliza wino. Yona kanirekebisha mahali pamoja tu. Kasema bendera ilikuwa imechanika, alishika kipande.

Hilo sikulijua. Ningelijua kama ningekuwepo.

Jumamosi, 22 Juni

Upepo umetulia. Bati halisemi.

Behewa la pili linaondoka Itigi leo. Hadija kafungua kompyuta, programu imeamsha maktaba yake mara moja, wapagazi wakaenda. Sikusimama nyuma yake. Nilikuwa namenya viazi.

Fundi cherehani kaomba tena ile hadithi. Nimemsimulia kama nilivyoisimulia Kinyangiri. Kashona mshono mzima. Halafu kasema hii ni nzuri kuliko ile. Sijui. Ile ilikuwa na mimi.

Mkono umeingia mfukoni mara tatu leo. Hamna kitu.

Uji wa jioni umeiva. Nimemwuliza Hadija saa ngapi.

Kasema saa moja na robo, baba.

Nimeiandika kwenye safu ya kufika.